Nywele za Yunisi zimeanza kuota

“Siyo mapunye, Mama Castory!”

Noel na Elinipa wanangu, kelele iliyowaamsha ilikuwa yangu. Jirani yetu alikuwa bombani anatangaza kwamba dada yenu atawaambukiza watoto wa mtaa. Nikamwambia daktari wa ngozi alishasema ni mawazo ya kufeli mtihani ndiyo yanamdondosha nywele. Anabisha! Mara Yunisi mwenyewe akavua kitambaa. Jamani, vinywele vimeota, laini kama vya kichanga! Mama Castory akapapasa, kisha akanionyesha mikono yake: vipele vitupu, tangu mumewe ahamie Ilagala bila kuaga. Kumbe na yeye halali kwa mawazo!

Nimewahi sokoni. Noel, kaanga wale samaki, migebuka, kwa mawese, ila kichwani kwa Yunisi yasipakwe tena. Lile lilikuwa kosa langu. Habari ya mtihani mtu asiiguse. Elinipa, songa ugali mkubwa.

~~Mama Castory asikanyage hapa.~~ Hapana, hasira tu hizo. Akila peke yake vipele vitazidi. Akipita, Yunisi ndiye amwite: “Shikamoo Mama Castory, karibu ndani tule.”

Mama yenu