Mikono ya Mzee Ngalamulume

Kamina, 12 Agosti 1954

Mwadi, mdogo wangu,

Mahindi tumeyaanika, na mwanangu Augustine ameacha kukohoa.

Jana nilikwenda kwa mzee Ngalamulume, yule mnyoosha migongo uliyenisifia. Yote yalikuwa kama ulivyonieleza: aliniuliza maumivu yalianza lini, akanilaza kifudifudi, akapapasa uti wa mgongo, kisha akakandamiza mpaka mifupa ikalia. Alinionya kwamba nitaumwa siku mbili, halafu nirudi.

Akaniuliza jina la bwana wangu. Nikamwambia ni Kayembe, fundi wa Base, kule kambi ya jeshi.

“Kayembe? Bibi yake ni Mwadi, juzi bwana mwenyewe alimuleta hapa. Weye njo nani?”

Nilivaa nikaondoka.

Nguo za Kayembe nimezifunga zote. Atakuja nazo kwako. Mama bado hajui. Utamwambia wewe, kwa mdomo wako.

Mimi, dada yako mkubwa,
Bilonda