Sasa Unaruhusiwa Kulala Hapa

Cleveland, Juni

Mpendwa Baba,

Bibi anakusalimu, goti bado linamsumbua. Mimi nimemaliza shule, nimepata kazi ya kupanga mikate dukani. Wateja siongei nao sana, unanijua.

Hakimu alipofuta rekodi yako ya jela, Bibi alikwenda moja kwa moja kwenye ofisi ya nyumba hizi za serikali, wale waliokukataza kulala kwetu kwa sababu uliwahi kufungwa. Mama wa ofisini akatazama kompyuta. "Hana kosa lolote, Bi Odessa. Ahamie hata leo."

Bibi akamjibu, "Miaka yote mnamfukuza mwanangu jua likizama kama kuku wa jirani, leo ndiyo mnanichekea!"

Nilicheka mpaka nikaona aibu.

Tumekuwekea kitanda karibu na dirisha. Hata jirani yetu Vernell, aliyekuwa akikuchungulia ili akushtaki ukichelewa kutoka, sasa ananiuliza, "We mtoto, baba yako anahamia lini?" Namwambia kazi zimekuzidi huko Youngstown unakoishi.

Jumapili Bibi alipika mboga na mkate wa mahindi, akakupakulia na wewe. Chakula chako kikapoa, Bibi akakifunika.

Sikulaumu, Baba. Ila zamani ulipokuwa ukivaa viatu na kuondoka, nililia, lakini nilijua kwa nini huwezi kubaki. Sasa nalia na sijui kwa nini huji. Niambie mwenyewe, hata kama jibu litaniumiza.

Binti yako,
Keziah