Mwenye Shamba na Mkewe

Jumanne, 5 Machi 1996

Serikali imenikumbuka! Miaka yote hii tunaomba daraja tu — kimya. Leo wamekuja wanaume wanne na rangi nyekundu, wakapigilia vigingi katikati ya chai yangu. Hodi hawakupiga. Barabara ya Roret inapanuliwa, wanasema. Bahati mbaya haiwezi kupanuka upande wa pili, huko kuna shamba la mheshimiwa. Kigingi cha mwisho kiko mlangoni mwa jiko la Joan.

Ijumaa, 8 Machi

Baraza kwa chifu. Afisa wa ardhi, kijana wa tai ndefu, ametangaza kwamba kila mwenye shamba atalipwa fidia, ila aje na mkewe ili kusiwe na ugomvi baadaye. Serikali ikisema, natii. Nikaenda mbele na mke wangu.

Bwana yuko wapi? akauliza afisa. Nikamwambia ni mimi. Akauliza tena, polepole, kama anayeongea na mtoto wa nasari — mimi niliyefundisha nusu ya Roret kusoma! Nikamweleza: mume wangu Kimeli alifariki, sikujaliwa mtoto wa kiume, nikatoa ng'ombe nikamwoa Joan kwa desturi yetu ya Kipsigis. Wanawe ni wa nyumba yangu, na shamba ni lao nikiondoka. Jambo la kawaida hapa. Pasta tu ndiye aliyenitoa kwenye kwaya, na sauti yenyewe ilikuwa imekwisha.

Afisa akamgeukia chifu. Chifu Kiplangat, aliyekula nyama ya harusi yetu hadi akalegeza mshipi, akatazama viatu vyake.

Jumatano, 13 Machi

Shemeji Kipkurui, ndugu wa marehemu, amenitembelea. Koti jipya, sukari nusu kilo. Anataka kunisaidia: aandikwe yeye kuwa mwanaume wa boma, halafu tutaelewana. Tumeelewana tayari. Sukari nimebaki nayo, yeye nimemsindikiza hadi barabarani.

Lakini lango nimelifunga kwa mnyororo. Akiandikwa kwenye kipande cha barabara, kesho ataandikwa kwenye kilichobaki. Joan na watoto waende wapi?

Jumatatu, 18 Machi

Ofisini kwa D.O., mkuu wa tarafa. Chifu ameulizwa kama Joan ni mke wangu. Jibu: kimila ndiyo, kiserikali hajui. Kofia ya serikali, tumbo la mila.

Afisa wa ardhi si mtu mbaya, na hapo ndipo taabu ilipo. Aliniletea kiti, akaongea kwa sauti ya chini. Nikitia sahihi kama mjane asiye na mtu mwingine, Kipkurui hapati hata jani. Nalipwa mimi, na shamba linabaki kwa jina langu.

"Mama, sema tu huyu msichana ni mfanyakazi wako. Nani ataumia?"

Nikasema nitafikiria. Mimi! Na mdomo wangu huu.

Alhamisi, 21 Machi

Tingatinga limefika asubuhi. Afisa alimwuliza Joan, karani ameshika kalamu: wewe ni nani hapa? Joan alinigeukia mimi, kikapu cha chai bado mgongoni. Kipkurui naye ameegemea lango, anasubiri. Nikasema watu waende wakale kwanza. Mkarimu sana mimi leo. Wamekwenda hotelini Roret, wanarudi saa nane.

Joan ameniwekea ugali na maziwa. Yeye hajaketi. Amewaosha watoto nyuso, amewavalisha nguo za kanisa. Nikamweleza mambo ya afisa, nikamwambia asijali, hiyo ni karatasi tu.

"Kama ni karatasi tu, Mama, si uandike mke?"

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Naona aibu, na naogopa, na sijui ni kipi zaidi.

Ninaandika ili nisimtazame. Gari lao linapanda mlima. Joan amefungua mlango, amesimama hapo na watoto, mmoja kila mkono, na ananiita nitoke.