Kiberiti cha Kwenye Kiondo

Mjukuu wangu Mutheu,

Habari za Athi River, na kazi ya kushona? Huku Kivaa tuko salama. Mbuzi amezaa mapacha, na goti la baba yako limepata nafuu. Lakini mvua hii haitaki kukatika, na wewe umepanga chumba karibu na mto. Sina amani.

Uliniuliza kwa nini nilikufokea Pasaka ulipochukua kiberiti kwenye kiondo kinachoning'inia mlangoni. Sikukujibu, ukaondoka umenuna. Pole.

Nilipokuwa na mtoto mmoja tu, baba yako, tuliishi kule bondeni. Nilikuwa na kiondo kama hicho, cha kukimbia nacho mto ukifurika, chenye sufuria ndogo, unga wa uji na kiberiti. Asubuhi moja nilikosa kiberiti jikoni, nikachukua hicho, nikisema nitakirudisha kesho. Siku ya tatu mto ukaingia nyumbani. Tulikimbilia mlimani, baba yako mgongoni, amelowa, akitetemeka mpaka akaacha kulia. Nilipapasa kiondo mpaka chini. Unga ulikuwepo, sufuria ilikuwepo. Moto tulipewa na jirani. Mengine niache.

Tafadhali, pakia chako leo, kiweke mlangoni, halafu usikiguse.

Jana asubuhi kiberiti kiliniishia tena kabla ya chai. Kiondo kilikuwa hatua tatu tu. Nilijifunika gunia nikaenda dukani, katika mvua hiyo hiyo.

Ni mimi susu yako, nguo bado mbichi.