Mtoto Aitwe Waridi

Temeke,
Dar es Salaam.
Jumapili, 18 Machi 1951

Mpendwa mdogo wangu Jabiri,

Marahaba. Ipokee kabla hujaniamkia, maana najua ungekuwa hapa ungekwisha kuinama kunishika mkono. Hali yako vipi huko Tabora? Kile kifua ulichosema kinakubana asubuhi kimeachia? Wifi yangu Hija hajambo? Na yule mdogo, meno yameota? Sie huku wazima kwa uwezo wa Mola. Masika yameanza kwa vishindo, ua wetu umekuwa bwawa, na makuti ya upande wa jiko yanavuja. Mama hajambo. Magoti yanamsumbua kwa baridi hii, lakini chakula anakula.

Mdogo wangu, umekuwa babu. Mwanangu Mwanabaraka amejifungua mtoto wa kike tarehe ishirini ya mwezi uliopita, salama salimini. Mtoto ana nywele nyingi mpaka masikioni, na kila anayemwona anasema paji la uso ni lako. Ningependa barua hii iishie hapo, nawe ufurahi. Lakini nimeshika kalamu mara tatu wiki hii na mara tatu nimeiweka kwa kichefuchefu. Sisemi kwa mfano. Tangu nilipotoka Mbweni, nikisikia harufu ya pilau kwa jirani najiziba pua kwa kanga.

Nakuandikia kwa herufi za Kiarabu tulizojifunza pamoja chuoni, kwa sababu sitaki wenzako wa stesheni ya reli wayasome haya juu ya bega lako.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Mwanabaraka alijifungulia kwa mumewe Mbweni, katika nyumba ya Bi Somoe, yule shangazi aliyemlea Mwishehe. Unakumbuka mwenyewe kwamba mle ndani neno ni lake. Nami nilikwenda kumtunza mzazi. Siku ya tatu Bi Somoe aliingia chumbani, akambeba mtoto, akasema mtoto mzuri namna hii apewe jina la ua, kama wanavyopewa siku hizi watoto wa mjini. Akataja Yasmini, akataja Nargisi. Mwanabaraka akatabasamu. "Shangazi, jina la ua mie ninalo tayari," akasema. "Nitalitaja siku ya akika."

Nililijua, Jabiri. Bi Somoe alipotoka nilimsihi mwanangu aliache. Akanijibu, "Mama, bibi ndiye aliyenilea wewe ulipokuwa ukihangaika na vitumbua vyako Ilala. Niliposhikwa na surua, ni yeye aliyenipakata. Nisipompa mtoto jina lake, nimpe la nani?" Nikamwambia tutazungumza. Hatukuzungumza.

Hapa sharti nikukumbushe jambo ambalo huenda umelisahau, maana kusahau ukiwa mbali ni rahisi. Miaka mitatu iliyopita watu wa Mbweni walipoleta posa, wewe ulikuwa likizoni. Tulikaa wewe na mie. Ukasema hawa ni waungwana wa kuhesabu mababu, na wakisikia mama yetu anaitwa Waridi watajua mara moja alikotoka, maana huku pwani ya Mrima Waridi na Zafarani na Faida ni majina waliyopewa wajakazi, na hakuna mwungwana wa zamani aliyemwita mwanawe hivyo. Ukasema aitwe Mwanaidi. Nikakubali. Tulikwenda kumwambia mama, akasema, "Haya," akaendelea kuchambua mchele wake. Tangu siku hiyo mbele ya wakwe mama ni Bi Mwanaidi. Tulijiona tuna akili.

Siku ya saba ikafika. Nilikuwa nimempeleka mtu kumchukua mama huku Temeke, akaja kwa lori mpaka Mbweni, amevaa doti jipya la kanga, amejipaka wanja. Wanawake tulikaa ua mzima juu ya mikeka. Mwalimu wa chuo cha Kurani cha pale alikaa mlangoni baina ya ua na baraza, Mwishehe pembeni yake, na Mwanabaraka ndani nyuma ya pazia na mtoto wake. Mbuzi alikwisha chinjwa. Mwalimu akauliza jina.

Mwanabaraka akasema nyuma ya pazia, kwa sauti ya kusikika, "Waridi."

Kisha Bi Somoe akacheka, kile kicheko chake cha puani. "Mwanangu, taja jina la mtu," akasema. "Yasmini ni jina. Waridi ni la kumwitia mtu aje ateke maji."

Angeishia hapo ningeweza kustahimili. Lakini aliona wanawake wanamsikiliza, akanogewa. Akasimulia kwamba hata wao walikuwa na Waridi wao katika ua ule ule, mjakazi wa baba yao, aliyelala jikoni karibu na majivu. Wao watoto walikuwa wakijificha nyuma ya chanja ya vyombo, wakimpigia ukelele "Waridiii!" mpaka aje mbio kutoka kisimani na mtungi kichwani, akifika asione mtu. Akigeuza mgongo tu, wanamwita tena. "Siku moja tulimrudisha mara sita," akasema, "mpaka akaanguka na mtungi, na mama akampiga kwa kuvunja mtungi!" Akajipiga mapaja kwa kucheka. Wanawake wakacheka naye. Mama yetu alikuwa ameketi goti kwa goti na mie, akiitazama mikono yake.

Nami nilicheka, Jabiri. Sikuona kichekesho chochote, naapa, lakini nilisikia kicheko kinatoka, na kilikuwa changu. Nikikumbuka natamani kuusugua mdomo kwa majivu.

Ndipo Mwanabaraka akasema kwa sauti iliyokuwa ikitetemeka, "Huyo mnayemcheka ni kama bibi yangu. Bibi yangu ndiye Waridi. Huyo mnayemwita Mwanaidi, aliyekaa na mama."

Macho yote yakaja kwetu. Bi Somoe akaacha kucheka. "Mwajabu," akaniambia, "mlituambia anaitwa Mwanaidi."

Sasa sikiliza nilichosema, maana sijamwambia mtu mwingine yeyote, ila waliokuwapo wote walisikia. Nilisema, "Msimsikilize. Homa ya uzazi imempanda kichwani, anaweweseka."

Nilimkana mama yangu naye yupo ubavuni mwangu, na juu yake nikamfanya mwanangu mwenda wazimu. Bi Somoe ananitia kinyaa, lakini yeye alikula ujinga huo tangu utotoni pamoja na uji. Mie nilijua.

Mama aliweka mkono begani pangu, akainuka taratibu kwa sababu ya magoti. "Mwanabaraka haweweseki," akasema. "Waridi ni mie."

Mama akageukia pazia, akazungumza kama kwamba yupo na mjukuu wake peke yao. "Lakini mie pia sitaki umpe mtoto jina hili, mama. Hulijui. Nilipofikishwa nyumba ya mabwana zangu nilikuwa bado naota meno ya mbele. Palikuwa na Waridi kabla yangu. Alikufa kwa ndui. Siku hiyo hiyo nilinyolewa nywele, nikapewa nguo yake ya kaniki na jina lake, na kaniki ilikuwa mbichi, haijakauka. La kwetu nilikuwa nalo. Nimelisahau."

Umri wote huu, Jabiri, sikuwa nimeyasikia hayo. Wewe je, uliwahi kumwuliza? Mie sikumwuliza. Niliogopa doa lake lisije likanipaka na mie.

Ndani Mwanabaraka alikuwa akilia. "Bibi, mie simjui Waridi mwingine," akasema. "Namjua wewe tu."

Mwalimu, masikini, alikuwa hajui atazame wapi. Akamgeukia Mwishehe, maana baba ndiye mwenye neno. Kijana yule anampenda mkewe, sitamsingizia. Nimemwona akimfulia nguo za uzazi kwa siri. Lakini alimtazama shangazi yake, akautazama mkeka, akasema, "Yasmini." Dua ikasomwa, mtoto akanyolewa, na nywele zile nzuri zikawekwa juu ya jani la mgomba.

Kisha zikaletwa sinia za pilau, watu watano kila sinia. Sie tulikuwa na wanawake watatu wa pale pale Mbweni. Mmoja alikwisha tia mkono katika wali. Akautoa. Akaufuta kwa ncha ya kanga yake, kidole kimoja kimoja, akasema anaitwa jikoni. Wa pili akamfuata. Wa tatu hakujisumbua hata kutafuta sababu, alihamia sinia ya jirani nasi tunamwona. Tukabaki mama na mie na wali wa watu watano. Mie sikutia mkono. Mama akala. Alikula vizuri, tonge kwa tonge, akaninong'oneza, "Kula, mwanangu. Wali haumwulizi mtu jina."

Nilijaribu. Nilikwenda kutapika nyuma ya kisima.

Siku nne baadaye Mwanabaraka alifunga nguo zake na za mtoto katika shuka, akapanda lori la nazi linalokwenda sokoni. Alitoka kabla ya arobaini yake, jambo ambalo hata huku Temeke watu wamelisema sana. Bi Somoe alisimama mlangoni akisema damu ya mtu haifichiki. Sikumjibu, na ukimya ule nao haukunipendeza. Mwanabaraka yupo hapa kwetu sasa, analala na mama kitanda kimoja, mtoto katikati.

Mwishehe alikuja Ijumaa iliyopita, amelowa chapachapa, na gunia la madafu. Alisimama chini ya upenu akasema amepata njia ya kuwaridhisha wote. Huku kwetu mtoto aitwe Waridi, kule kwao aitwe Yasmini, na nani atadhurika? Nakiri kwamba mie moyo ulianza kulainika. Ni shauri lile lile letu, wewe na mie, na lilinijia kama nguo niliyoizoea. Mwanabaraka hakumwacha amalize. "Mwanangu hatakuwa na jina la uani na jina la barazani," akamwambia. "Bibi yangu alifanyiwa hivyo na mama yangu mwenyewe. Nenda, ukirudi uje unajua mwanao anaitwa nani." Mwishehe alinitazama mie, akitumaini nitasema neno. Safari hii sikulisema. Akaacha madafu, akaenda.

Mama naye kwa siku zote hizo alikuwa hamwiti mtoto kwa jina lolote. Alisema "huyu", alisema "mgeni wangu". Mwanabaraka hakumshurutisha. Jana asubuhi nilikuwa jikoni nikipepea moto, na mama ameketi kizingitini anamwogesha mtoto katika beseni. Mtoto alikuwa akilia kwa baridi. Nikasikia mama anasema kwa sauti ndogo, karibu kabisa na sikio la mtoto, "Waridi."

Niliacha kupepea. Akaliita tena, na tena, polepole, kama mtu anayeonja chumvi. Mtoto aliendelea kulia vile vile. Nilipotoka mama aliniona nimesimama, akasema, "Mwajabu, miaka yote jina hili nimeliitikia tu. Sijawahi kuliita." Akamfunika mtoto kwa kanga yake. "Halina kosa," akasema. "Walikuwa wakiliita kwa mbali mno."

Basi, mdogo wangu, hili ndilo ninalokuomba. Wazee wa Mbweni wameleta habari kwamba watakuja kwa suluhu wiki ya kwanza ya Aprili. Omba ruhusa uje. Wewe ndiwe uliyesimama upande wetu siku ya posa ukasema "Mwanaidi" kwa kinywa chako, na wewe ndiwe utakayesimama mbele ya wazee wale wale ulifute neno lile. Nami nitasimama karibu yako niyaseme yangu ya homa ya uzazi. Wakisema ndoa ivunjike kwa sababu hiyo, na ivunjike. Mwanabaraka amekwisha sema hivyo, na amelisema huku akilia, kwa hiyo ujue si jambo jepesi kwake. Sijui Mwishehe atakuja na nini. Namwombea aje na ulimi.

Na kabla hujaja, mwandikie mama barua yake mwenyewe. Juu ya bahasha andika Bi Waridi, kwa herufi kubwa, mwenye kugawa barua alisome na majirani wamsikie.

Nisalimie wifi yangu Hija na watoto wote, na mzee Polikarpo aliyekukaribisha ulipofika Tabora ugenini. Jirani yetu Avelina anakusalimu, kila asubuhi anamletea mzazi uji wa ulezi, na jina la mtoto alilipokea bila kuuliza mara mbili. Mwanabaraka anakuamkia. Mama anasema vaa nguo nzito.

Mungu akulinde katika reli na katika njia, akupe kifua chepesi, na akulete kwetu na moyo ulionyooka.

Dada yako akupendaye hata akikukasirikia,

Mwajabu