Viwavi wa Dirisha la Jikoni

Jumatatu, 4 Machi
Wiki ya tatu ya ndoa na bado nikisikia ufunguo mlangoni moyo unaruka! Leo mume wangu kaja na miche ya tumbaku. Maabara imejaa, kaipanga kwenye dirisha la jikoni. Wifi kapita, kacheka: umeolewa na mtu au na bustani? Nikamjibu vyote viwili, wifi, na sirudishi!

Mume wangu kanieleza kazi yake huku anamenya viazi. Ndani ya seli za jani kuna protini inayoshika sukari. Si sukari ya chai! Ni vipande vidogo vilivyonata kwenye protini nyingine. Jani likiwa na raha, hiyo inayoshika haipo. Likipata shida, linaitengeneza, na sehemu yake huingia mpaka kwenye kiini cha seli. Labda inapeleka habari kwamba tumevamiwa — ndicho wanachotafuta. Macho yake anavyoeleza! Na mimi nilikuwa nasinzia kipindi cha biolojia.

Jumanne, 5 Machi
Kumbe mambo si mazuri. Miche ya maabara wameitia chumvi, wameinyima maji, na protini haionekani. Profesa wake amesema mwisho Ijumaa. Wasipoiona, utafiti unafungwa, na mume wangu anahamishiwa kituo cha mbali kisicho na nyumba za familia. Tutengane? Hata picha za harusi hatujazitundika!

Jumatano, 6 Machi
Balaa. Viwavi! Wanene, wanatafuna miche yetu bila haya. Mimi na kiwavi — hapana. Nimefunga mlango wa jikoni, nimekula mkate sebuleni. Mume wangu karudi hoi, kalala na viatu. Sikupata ujasiri wa kumwambia.

Alhamisi, 7 Machi
Asubuhi kaenda kuchemsha chai. Nikamfuata, machozi tayari.
"Mke wangu, uliwaona hawa?"
"Jana. Naogopa kuwagusa."
"Hukupuliza dawa?"
"Hata kuingia sikuingia!"
Akaninyanyua! Akanizungusha mpaka sufuria ikaanguka. Maabara hairuhusu mdudu hata mmoja, anasema. Chumvi tumejaribu, kiu tumejaribu — meno ya mdudu bado! Kakimbia amekumbatia miche, viwavi wakiwemo. Chai nimekunywa peke yangu, nacheka kama chizi.

Ijumaa, 8 Machi
Niko kwenye benchi nje ya chumba cha hadubini. Mlango wameuacha wazi kidogo. Majani yaliyotafunwa wameyatia dawa inayong'aa kijani pale protini ilipo. Profesa kauliza, hii ndiyo takataka ya jikoni kwenu, bwana harusi? Ndiyo, mama, kajibu. Sauti yake ndogo! Nilitaka kuingia nimshike mkono.

Profesa kainama kwenye hadubini. Kaamuru taa izimwe. Halafu: "Niletee kiti. Na jani zima, lisiloliwa, nilinganishe na kijani hiki."

Mume wangu katoka mbio, kanipita bila kuniona, karudi, kanibusu paji la uso, kakimbia tena.

Profesa hajainua kichwa bado —