Leo Nimekuwa Mume wa Kantaben

Ijumaa jioni, Novemba. Manyunyu tangu asubuhi, yale ya London ambayo hayakuloweshi wala hayakuachi mkavu.

Mgongo unaniuma. Nimesonga ugali, nimeula nusu, nikaona bora niandike kabla sijaanza kujidanganya kwamba leo ilikuwa siku kama nyingine.

Ijumaa siendi kwenye duka la dawa ninakofanya kazi. Naenda Ilford, kwenye chumba cha nyuma cha kituo cha jamii, tunakosaidia familia za Kiasia ambazo Kiingereza kinazipiga chenga: kwa daktari, shuleni kwa watoto, kwenye ofisi za nyumba. Wenzangu wanajua Kigujarati, Kipunjabi, Kibengali. Mimi Mkenya wa Nakuru nina Kiswahili na Kikuyu, kwa hiyo kwa muda mrefu kazi yangu pale imekuwa kupanga viti, kubembeleza watoto wa watu, na kuchemsha chai ambayo kina mama huionja kisha wakaniangalia kwa huruma.

Wiki iliyopita Farida, mratibu wetu, aliniita pembeni. Kuna mama wa Kigujarati, aliondoka Kisumu miaka mingi nyuma, anaishi na mumewe hapo Ilford. Mume alipata kiharusi. Ofisa wa ustawi kutoka kaunsili, halmashauri ya mtaa, anakwenda kuwaona, aamue kama watapewa mhudumu wa kuja nyumbani. Hadi sasa mtoto wao aliyeko Toronto ndiye amekuwa akitafsiri kwa simu, na kila mara jibu ni moja, kwamba mama yake yuko sawa kabisa. Safari hii kaunsili imetaka mkalimani aende mwenyewe. Wenzangu wote wanaojua Kigujarati, yule mama amewakataa.

Anataka wa Kiswahili.

Nilicheka. Kisha Farida akanieleza sababu, kicheko kikaniisha. Wale wote wanasali naye hekalu moja, na hataki neno la nyumbani kwake lifike huko kabla yeye mwenyewe hajafika. Ni kweli, umbea haukati tikiti, hupanda treni bure.

Hapa nitamwita Kantaben, na mumewe Ramnikbhai. Si majina yao. Hiyo "ben" na "bhai" mwishoni ni heshima tu, kama sisi tunavyosema dada na kaka.

Basi leo nikafika mapema. Wanakaa juu ya duka la vitambaa, unapanda ngazi nyembamba yenye harufu ya bizari. Akafungua mlango, mwanamke mdogo wa umbo, sari imepigwa pasi, nywele nyeupe zimebanwa vizuri nyuma. Akaniangalia juu mpaka chini.

"Wewe nakuja mapema. Muzuri. Toa kiatu. Kaa jikoni."

Nilikasirika. Hapa naandika ukweli au nisiandike kabisa. Kile Kiswahili nakijua. Ndicho alichosemeshwa mama yangu kule Parklands, Nairobi, alikokuwa akifua na kupika kwa familia ya Kihindi mpaka mimi nikamaliza shule. Wewe leta. Wewe ngoja. Wewe rudia hii. Kiswahili kisicho na "tafadhali" wala "naomba" ndani yake. Shule zikifungwa nilikuwa nikikaa kwenye ngazi za nyuma nikimsubiri, nikikisikia kikitoka dirishani. Na leo nimetoka kwangu Tottenham, siku yangu ya kupumzika, nimepanda basi na mvua juu yangu, ili niambiwe nitoe kiatu nikae jikoni.

Nilitoa kiatu. Nikakaa jikoni.

Akanimiminia chai, na lazima niseme ilikuwa chai, si yale maji ninayowapa watu pale kituoni. Wakati akimimina ndipo nilipoona mkono wake. Juu ya kiwiko alikuwa amevilia damu, doa pana la zambarau. Aliniona nikitazama akavuta sari kulifunika. Akakaa. Akaangalia mlango. Akasema kwa sauti ya chini:

"Jumanne sisi naanguka."

Alinieleza kwa vipande vipande. Alikuwa akimtoa mumewe bafuni, mguu wa mzee ukateleza, wakaanguka wote wawili. Hakuweza kumwinua. Akavuta taulo akamfunika asishikwe na baridi, kisha akajilaza pale pale sakafuni pembeni yake, akingoja nguvu zimrudie. Angegonga sakafu, jirani wa chini, yule wa duka la vitambaa, angesikia. Lakini jirani wa chini naye ni wa hekalu. Hakugonga.

"Wewe hapana sema hii," akaniambia. "Mwanamuke hapana weza tunza bwana yake, hiyo mwanamuke gani?"

Hasira yangu haikuondoka papo hapo, nisidanganye. Ilisogea tu ikaipisha huruma ikae.

Sasa, sisi wakalimani wa kujitolea tumefundishwa mambo machache na tukaambiwa tuyashike. Sema yote yaliyosemwa. Usiongeze, usipunguze. Na useme "mimi", kana kwamba wewe ndiye mwenye maneno. Yale ya jikoni yalisemwa kabla ofisa hajafika, tena nimekatazwa. Hayakuwa yangu kuyatoa.

Ofisa akaja, Mwingereza mpole mwenye koti la mvua, nitamwita Helen. Tukahamia sebuleni. Ramnikbhai alikuwa kwenye kiti chake karibu na hita, shali mabegani, upande mmoja wa mdomo umelegea. Aliponiona, yeye ndiye aliyeanza.

"Karibu, dada. Habari za kutoka?"

Neno moja moja, polepole, lakini Kiswahili kimenyooka. Alikuwa na duka Kisumu. Nikawaza, huyu alijifunzia kwenye kaunta, ambako mteja usipomwamkia vizuri anavuka barabara kwa mwenzako. Nikaitikia kwa adabu zangu zote.

Helen akaanza kuuliza. Mzee anaoga vipi? Anaingiaje kitandani? Na wewe mama, unapata usingizi? Kila swali Kantaben alijibu akiwa amekaa wima, mikono magotini, mumewe akimtazama.

"Iko sawa. Mimi naweza. Hapana shida."

Nami nikasema kwa Kiingereza: iko sawa, mimi naweza, hakuna shida.

Kwetu mtu nyumba yake imeungua, ukimuuliza habari, atakwambia nzuri. Nzuri, ila. Sisi tunaijua hiyo "ila" na tunaisubiri. Helen hakujua kwamba kuna kitu cha kusubiri. Aliandika anachoambiwa, na haki yake, kisha akaanza kufunga kompyuta. Akaeleza kwa upole kwamba kama wanajiweza basi hataweza kuwaombea mhudumu, wapige simu hali ikibadilika.

Mimi nilimwona mama huyu yuko sakafuni tena, Jumanne nyingine, na taulo.

Kuna jambo moja tunaruhusiwa. Mkalimani anaweza kuomba nafasi ya kueleza desturi, mradi awaeleze pande zote mbili. Nikaomba. Nikamwambia Helen kwamba kwetu, Waafrika na Waasia wa kule pia, mtu huanza na uzima, na mambo mengine huja baadaye, pengine kwa njia nyingine. Nikamgeukia Kantaben nikamwambia nilichosema. Akanikazia macho, nikajua chai ile huenda ikawa ya mwisho.

Helen alifikiri. Halafu akasema, "Basi asiniambie, anionyeshe. Anionyeshe anavyomwogesha."

Kantaben akamtazama mumewe. Nikaona wazi kwamba hatakubali, hata kwa dawa, mzee wake ashikwe na kuinuliwa mbele ya mgeni kama gunia. Kisha macho yake yakaja kwangu.

"Wewe," akasema. "Kuja. Sasa wewe bwana."

Ndivyo nilivyojikuta nimeketi kwenye stuli ya plastiki ndani ya hodhi la kuogea la watu, na nguo zangu zote, soksi zikinyonya maji yaliyobaki.

"Mukono hapa. Mwingine hapa. Hapana cheka."

Sikuwa nacheka. Helen ndiye aliyekuwa akitabasamu mlangoni, na hakutabasamu kwa muda mrefu. Kantaben aliingiza mikono kwapani mwangu akavuta. Nikapanda kidogo, nikarudi.

"Wewe nzito kuliko bwana," akalalamika, na Tottenham nzima hakuna atakayembishia.

Akavuta tena. Safari hii mikono yake ilianza kutetemeka, nikausikia mtetemo huo mbavuni mwangu. Ningeweza kusimama. Miguu yangu mizima, ningejiinua kidogo tu kumrahisishia, na mwili wangu wote ulitaka kufanya hivyo. Nikajiambia: mumewe hawezi, na wewe usiweze. Katika yote niliyoyafanya leo, hilo ndilo lililoniuma zaidi, kumwachia mama mzee uzito wangu wote na kunyamaza.

Hakuvuta mara ya tatu. Aliegemeza paji la uso begani kwangu.

"Mimi hapana weza," akasema. "Mimi nachoka. Nachoka sana sana."

Na mimi, uso wangu umezama kwenye sari yake yenye harufu ya bizari na dawa ya kuchua, ilibidi nifanye kazi niliyoijia. Nikasema kwa Kiingereza, kama nilivyofundishwa, kwa "mimi": Siwezi. Nimechoka. Nimechoka sana.

Sikumbuki lini nimewahi kuyasema maneno hayo kwa ajili yangu mwenyewe.

Helen alipiga magoti kwenye zulia la bafuni. Akamuuliza, taratibu, angependa nini. Mtu wa kuja asubuhi, Kantaben akasema, hata asubuhi tu. Halafu akashtuka, akanishika mkono. Bwana atakataa. Yeye hataki mtu mwingine amwone vile. Asiulizwe. Helen akasema hapo hana budi kumuuliza, kwa kuwa akili za mzee ni timamu na mwili ni wake. Kantaben akasihi. Nilitafsiri kusihi kwake, na nikatafsiri "samahani, lazima."

Tukarudi sebuleni, na hatukuwahi kuuliza.

Mlango wa bafu ulikuwa wazi muda wote, na nyumba yenyewe ni ndogo. Kantaben alichagua Kiswahili ili watu wa hekalu wasisikie, lakini mle ndani kulikuwa na mtu anayekijua kuliko yeye. Sijui kama alisahau, au hakusahau. Nimeliwaza hilo ndani ya basi mpaka nikapitiliza kituo changu.

Macho ya Ramnikbhai yalikuwa yamelowa. Akainua mkono wake mzima kidogo kutoka kwenye shali, akaniita nao.

"Dada. Mwambie huyu mama. Mtu aje. Aje aniogeshe."

Akapumzika. Sote tulimngoja.

"Mke wangu amechoka. Mimi sikumuuliza."

Nikatafsiri. Helen akafungua tena kompyuta. Ataomba mhudumu wa asubuhi, na chuma cha kushikilia kiwekwe ukutani bafuni, na mhudumu wa jioni atampigania ingawa hawezi kuahidi. Ombi bado halijapitishwa, lakini aliandika, na kwa kauli za wote wawili.

Kantaben alikuwa bado amesimama mlangoni. Kisha akamwendea mumewe akamwanza kwa Kigujarati. Maneno mengi, ya kasi, kidole kikimwelekea usoni. Na mkono wa pili wakati huo huo ukimvutia shali, ukimfuta mdomo ule upande uliolegea, ukimlaza nywele. Mzee alikuwa akiitikia kwa kichwa tu. Machozi yakimtoka mama, na maneno hayakatiki.

Helen akaniinamia akaniuliza kwa kunong'ona, anasema nini?

Nikamwambia sijui Kigujarati.

Ni kweli, sijui. Na pale nilishukuru kwamba sijui.

Sasa soksi zinakauka kwenye hita na binti yangu ameniuliza kwa Kiingereza kwa nini natembea kama bibi. Nimemwambia nimebebwa. Hakuamini.

Mama yangu yuko Nakuru, magoti hayampi raha siku hizi. Kesho asubuhi nitampigia, na nataka nimuulize jambo ambalo sijawahi kumuuliza. Miaka yote ile Parklands, mama, yule mwenye nyumba aliwahi hata siku moja kukwambia kwamba amechoka?

Na wewe, uliwahi kumwambia?